Majimbo ya Pemba na viti vya wanawake: hesabu iliyofichwa ndani ya mpaka

Kaa kwenye baraza yoyote ya kahawa Wete au Chake Chake, taja majimbo, na hukosi mtu wa kukwambia kwamba Pemba ilikuwa na viti 21 ikaachiwa 18. Mwaka pia atakutajia: 2005. Vuka bahari uje Michenzani, mjini Unguja, utaambiwa kwamba watu wamehamia mjini na kiti hufuata watu. Wote wawili wana hoja, na takwimu nitakazozitoa hapa zinampa haki kila mmoja kwa zamu yake. Lakini kuna jambo ambalo sijalisikia likibishaniwa vya kutosha upande wowote. Zanzibar viti maalumu vya wanawake vimefungwa kwenye majimbo. Mpaka ukisogezwa, unamsogeza na mwanamke ambaye jina lake halimo hata kwenye karatasi ya kura.

Tuanze na jimbo lenyewe, maana hata hilo si jepesi kama linavyodhaniwa.

Siku ya uchaguzi mkuu mpiga kura wa Zanzibar anakabidhiwa karatasi tano. Tatu ni za Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, yaani ZEC: ya Rais wa Zanzibar, ya Mwakilishi na ya Diwani. Mbili ni za tume ya Muungano, ambayo tangu 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi: ya Rais wa Jamhuri ya Muungano na ya Mbunge. Mwakilishi anakwenda Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Mbunge anakwenda Dodoma. Majimbo ni 50, Unguja 32 na Pemba 18, na kila jimbo hutoa watu hao wawili. Ndiyo maana ukisikia "mtu wa jimbo letu" huna budi kuuliza: yupi?

Hata huko kulingana kwa majimbo ya tume mbili si jambo la lazima. Kabla ya uchaguzi wa 2015 ZEC ilipitia upya mipaka ikaongeza majimbo kutoka 50 hadi 54. Tume ya Muungano haikufuata. Kwake Zanzibar ilibaki na majimbo 50 ya ubunge. Basi mtu yule yule, katika kituo kile kile, akawa na karatasi ya Mwakilishi inayotokana na ramani moja na karatasi ya Mbunge inayotokana na ramani nyingine. Zilikuwapo shehia, yaani vitengo vidogo vya utawala, ambazo mwakilishi wao na mbunge wao hawakuwa na eneo moja la kazi. Ukitaka barabara yako ifanyiwe kazi, unamwendea nani, na huyo naye atakubali kwamba wewe ni mtu wake? Kabla ya uchaguzi wa 2020 ZEC ikarudi kwenye 50, na ramani mbili zikawa moja tena.

Sasa tuje kwenye kipimo. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 120, inaiachia ZEC kazi ya kuigawa nchi kwa majimbo. Imewekwa sakafu na dari: yasipungue 40, yasizidi 55. Kanuni ya kwanza ni idadi ya wakaazi, kwamba majimbo yakaribiane kwa watu kadiri inavyowezekana. Halafu inakuja ruhusa ya kuikiuka kanuni hiyo. Tume inaweza kutazama msongamano wa watu, ongezeko lao, njia za mawasiliano, hali ya kijiografia na mipaka ya kiutawala. Maana yake ni kwamba mtu wa Kojani au wa Tumbatu, ambaye mwakilishi wake hamfikii mpaka apande chombo, hawezi kuhesabiwa sawasawa na mtu wa Kikwajuni anayevuka barabara tu. Kadiri ninavyoielewa mimi, ugomvi mkubwa uko kwenye orodha hiyo ya pili. Idadi ya watu unaipata kwenye sensa. Uzito wa bahari unaupima kwa nini?

Twende kwenye sensa basi. Ya 1988 iliikuta Pemba na watu kiasi cha 265,000 katika Zanzibar ya watu wapatao 640,000. Hiyo ni kama asilimia 41. Ukizidisha kwa viti 50 unapata viti ishirini na moja kasoro kidogo. Kwa hiyo 21 za Pemba katika uchaguzi wa 1995 hazikuwa zawadi. Ndivyo watu walivyokuwa.

Sensa ya 2002 ikatoa Pemba yenye watu wapatao 361,000 katika Zanzibar ya 981,754. Asilimia 37 hivi. Mara 50, viti 18 na ushei. Mwaka 2005 ndipo ZEC ilipohamisha majimbo matatu kwenda Unguja, na 29 za Unguja zikawa 32. Hapo mtu wa Michenzani anashinda mabishano, na ni vizuri kukiri hivyo kabla ya kuendelea. Kwa hesabu ya vichwa peke yake, 18 ilikuwa nambari sahihi.

Shida ni kwamba hesabu haikuishia hapo. Sensa ya 2012: Pemba 406,848 katika Zanzibar ya 1,303,569, asilimia 31. Sensa ya 2022: Pemba 543,441 katika Zanzibar ya 1,889,773, kama asilimia 28.8. Ukiishika kanuni ya vichwa kwa ukali ule ule wa 2005, leo Pemba ingestahili viti 14. Lakini ina 18. Jimbo la Pemba kwa wastani lina watu 30,000 na kidogo, la Unguja lina 42,000 na zaidi.

Kilichotokea kinaonekana vizuri zaidi ukitazama mkoa mmoja tu. Mjini Magharibi ulikuwa na watu 593,678 mwaka 2012. Miaka kumi baadaye ukawa na 893,169. Nyongeza hiyo ya watu karibu 300,000 ni kubwa kuliko watu wote wa Mkoa wa Kaskazini Pemba, ambao mwaka 2022 ulikuwa na 272,091. Yeyote aliyewahi kutoka Darajani kwenda Fuoni jioni anaijua sensa hii bila kusomewa. Na wengi wa watu hao, tusisahau, ni Wapemba wenyewe waliohamia Unguja kwa biashara, skuli na kazi. Mpemba akihamia Fuoni hapotei katika hesabu ya Zanzibar, lakini kiti alichokuwa akikibeba Konde amekuja nacho Unguja, na huko Fuoni kura yake inaingia kwenye kapu jengine kabisa.

Kwa nini basi watu wanalia na 2005 wakati hesabu yake ilikaa sawa? Kwa sababu majimbo ya Pemba hayakuwa majimbo ya kubahatisha. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi, CUF, chama kikuu cha upinzani wakati huo, ilichukua viti vyote 21 vya Pemba na vitatu vya Unguja. CCM, chama tawala, ikawa na 26. Urais ulitangazwa kwa Dk. Salmin Amour wa CCM kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Katika nchi inayogawika hivi katikati, kiti kimoja ni kikubwa, sembuse vitatu. Kila jimbo lililotoka Pemba lilikuwa jimbo la CUF, na lilipofika Unguja halikuwa tena na uhakika huo.

Uchaguzi wa 2010 unaonyesha vizuri. CCM ilipata majimbo 28, CUF 22: yote 18 ya Pemba na manne ya Unguja. Sasa chukua karatasi, irudishe ramani ya zamani, 21 na 29. Tuseme CUF inashika Pemba yote kama ilivyofanya, inabaki na manne yake ya Unguja, na matatu yanayoondoka Unguja ni ya CCM. Unapata 25 kwa 25. Hii ni hesabu ya mezani, nakubali. Ukikata mipaka upya hujui nani angeshinda wapi. Ila inaonyesha kwa nini watu wazima hupandishiana sauti kwa ajili ya mistari ya ramani.

Wazee wana sababu nyengine ya kutoiamini mistari hiyo. Januari 1961, kabla ya uhuru, majimbo yalikuwa 22. Vyama vya wakati huo viligawana hivi: ASP ilipata 10, ZNP 9, ZPPP 3, na jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. ZPPP ikagawika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP, ikawa 11 kwa 11 na serikali haikuundika. Likaongezwa jimbo moja ili namba isigawike sawa, uchaguzi ukarudiwa Juni, na ukafuatiwa na ghasia zilizoua watu 68. Kisha Julai 1963, majimbo yakiwa 31, ASP ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu. ZNP ilipata 12 na ZPPP 6, wakaunda serikali pamoja. Kura za ASP zilirundikana katika majimbo iliyoshinda kwa wingi mkubwa, wakati wapinzani wake walishinda mengi kwa tofauti ndogo. Uhuru ukapatikana Desemba 10, 1963, na Mapinduzi yakafuata Januari 12, 1964. Sitaki kusema mipaka ndiyo iliyoleta Mapinduzi, maana sababu zake ni ndefu na kila mtu ana yake. Nasema tu kwamba Mzanzibari akiambiwa mgawanyo wa majimbo ni suala la kitaalamu, ana haki ya kucheka.

Kiti kinachoning'inia kwenye kiti

Sasa viti maalumu. Watu wengi, hata wanaofuatilia siasa, hudhani utaratibu wa Chukwani na wa Dodoma ni mmoja. Hapana.

Kwa Bunge la Muungano, viti maalumu vya wanawake hugawiwa vyama kwa kufuata kura. Chama kilichopata angalau asilimia tano ya kura halali za ubunge kinaingia kwenye mgao, na kinapata kulingana na wingi wa kura zake nchi nzima. Chama kinaweza kushindwa jimbo baada ya jimbo kwa tofauti ndogo, na kura zile za kushindwa bado zikawapeleka wanawake wake Dodoma.

Baraza la Wawakilishi linakwenda kwa viti. Kwanza, idadi ya viti maalumu ni asilimia 40 ya majimbo. Mwaka 2005 ilikuwa asilimia 30, yaani viti 15. Kuanzia uchaguzi wa 2010 ikapanda hadi 40, vikawa 20. Pili, hivyo 20 hugawiwa vyama vyenye wawakilishi wa majimbo barazani, kwa kufuata majimbo ambayo kila chama kimeshinda. Kura za kushindwa hazimpeleki mtu popote. Chama chenye theluthi ya kura za Zanzibar na hakina jimbo hata moja, kwa hesabu hii kina wanawake sifuri.

Fanya tena hesabu ya 2010, polepole. CCM 28 kati ya 50, mara 20, ni 11.2, ikapata viti maalumu 11. CUF 22 kati ya 50, mara 20, ni 8.8, ikapata tisa. Kwa majimbo tofauti ilikuwa sita. Ukijumlisha na wanawake, CCM 39 na CUF 31, tofauti imekuwa nane. Na katika ile ramani ya mezani ya 25 kwa 25, viti maalumu navyo vingekuwa 10 kwa 10, kila upande na 35. Majimbo matatu kuvuka bahari yametengeneza pengo la viti vinane barazani. Katika hivyo vinane, viwili ni vya wanawake ambao hakuna aliyewataja wakati ramani inabishaniwa.

Kuna mfano mwengine mdogo ambao mimi huupenda kwa sababu ulipita kimya. Majimbo yalipokuwa 54, asilimia 40 yake ni 21.6, na viti maalumu vikawa 22. Baraza lililoingia 2016 lilikuwa na wajumbe 88: 54 wa majimbo, 22 wa viti maalumu, 10 wa kuteuliwa na Rais wa Zanzibar, Mwanasheria Mkuu na Spika. Majimbo yaliporudi 50, viti maalumu vikarudi 20. Viti viwili vya wanawake vilifutika bila mtu kusimama kusema anavifuta. Hakuna aliyekusudia, naamini. Ila ndivyo inavyokuwa unapokifunga kiti cha kundi moja kwenye kamba ya jambo jengine: kamba ikivutwa, kinakwenda.

Nisieleweke vibaya. Bila viti hivi 20 Baraza lingekuwa la wanaume kwa sehemu kubwa sana, kwa sababu kura za maoni ndani ya vyama humtaka mgombea awe na fedha, na watu wa kumpigania, na muda wa kukaa maskani mpaka usiku. Mwanamke mwenye watoto na mume asiyependa mambo hayo ana safari ndefu. Kiti maalumu kimewafungulia mlango wanawake ambao baadaye wamekuwa mawaziri na wenyeviti wa kamati. Lakini kina upungufu wake, na upungufu huo unatokana na ukweli kwamba nyuma yake hakuna jimbo.

Tazama kinachotokea mtu akiondoka. Mwakilishi wa jimbo akifariki au akifukuzwa chamani, unaitishwa uchaguzi mdogo, na wananchi wa hapo wanaamua. Mwenye kiti maalumu akiondoka, chama kinajaza. Mwaka 2017, wakati wa mgogoro wa CUF, chama kiliwavua uanachama wabunge wake wanane wa viti maalumu, na wanane wengine wakaingia mahali pao Dodoma bila mwananchi kupiga kura hata moja. Hilo lilikuwa Bungeni, si Chukwani, lakini udhaifu ni ule ule: mwanamke wa viti maalumu anajua nani anaweza kumtoa, na si wapiga kura. Anaposimama kuzungumzia maji ya shehia fulani, mwakilishi wa jimbo anaweza kumkonyeza kwamba amevuka mpaka. Na bado watu wanamwendea, kwa sababu akina mama wengi huona wepesi kuzungumza na mwanamke mwenzao. Anabeba kazi za jimbo, na jimbo hana.

Wasio na mlango

Hapa ndipo tunapofika kwa watu ambao hesabu yote hii haiwataji kabisa. Zanzibar ina sheria ya watu wenye ulemavu tangu 2006, ina jumuiya za muda mrefu kama UWZ (Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar), na ina shirikisho lao, SHIJUWAZA. Lakini ukiipekua Katiba kutafuta kiti kilichotengwa kwa jina la watu wenye ulemavu katika Baraza la Wawakilishi, hukioni. Wanachopata wanakipata kwa kupitia mlango wa wanawake. CCM, kwa mfano, hupitisha majina ya viti maalumu kupitia jumuiya yake ya wanawake, UWT, na humo imekuwa ikitenga nafasi za makundi, likiwemo la wenye ulemavu.

Ukifikiri kidogo utaona kasoro. Kundi limewakilishwa, lakini kwa hiari ya chama, na ndani ya kiti ambacho Katiba inakijua kuwa cha mwanamke. Mwanamme asiyeona, au mwanamme wa kiti cha magurudumu, hana sehemu katika viti hivi 20 hata chama kikimtaka. Kwake zimebaki njia mbili: agombee jimbo kama kila mtu, apande ngazi za ofisi za chama na ajadiliane na wajumbe ambao wengine wanamwona kama mtu wa kusaidiwa, au Rais amteue. Vijana wa kiume nao wako hapo hapo, ila wao angalau ni wengi na wana sauti.

Nafasi za uteuzi ni 10. Zimekuwa na kazi nyingi kuliko inavyofikiriwa. Baada ya mauaji ya waandamanaji ya Januari 2001 na Muafaka, yaani makubaliano ya CCM na CUF, wa Oktoba mwaka huo, mabadiliko ya Katiba ya 2002 yaliingiza kanuni kwamba wasiopungua wawili kati ya hao 10 watoke upinzani. Na baada ya uchaguzi wa 2020, Rais Hussein Mwinyi aliwateua Nassor Ahmed Mazrui na Omar Said Shaaban wa ACT-Wazalendo kuwa wajumbe wa Baraza, kisha wakawa mawaziri. Bila nafasi zile serikali ya umoja wa kitaifa ingekosa watu wa kuijaza. Lakini uteuzi una bwana mmoja, na nafasi 10 zikigawanywa kwa mawaziri, maridhiano na wataalamu, anayeletwa kwa ajili ya kundi lililosahauliwa husubiri mwisho wa foleni.

Upendeleo ambao hatuuiti upendeleo

Nimesema Pemba ina viti 18 wakati vichwa vyake ni vya viti 14. Kuna wanaoudhika wakiambiwa hivyo, kama kwamba Wapemba wanadaiwa. Mimi nauona kwa namna nyengine, na njia ya kuuona ni kuitazama Zanzibar yenyewe ndani ya Muungano.

Kwa uchaguzi wa 2025 tume ya Muungano iliongeza majimbo manane, yote Bara, jumla ikafika 272: Bara 222, Zanzibar 50. Kwa sensa ya 2022 Tanzania ina watu 61,741,120, na Zanzibar ni kama asilimia tatu yao. Viti vyake vya majimbo ni zaidi ya asilimia 18. Jimbo la Bara kwa wastani lina watu kama 270,000. La Zanzibar halifiki 38,000. Mzanzibari mmoja ana uzito wa watu saba wa Bara. Juu ya hayo Baraza la Wawakilishi huchagua wajumbe wake watano kuingia Bungeni. Na Katiba ya Muungano, katika baadhi ya mambo ya msingi, inadai theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar peke yao wakubali kabla haijabadilishwa.

Hatuoni haya kwa hilo, wala hatupaswi. Tunasema Zanzibar ni nchi iliyoungana na nchi, na mdogo katika muungano asipowekewa uzito atamezwa. Hoja nzuri. Ila basi tuwe na ujasiri wa kuitumia na ndani ya nyumba. Kisiwa chenye robo na kidogo ya watu, kilicho mbali na Chukwani, chenye bahari katikati na historia ya kuwa upande wa pili wa kila uchaguzi, kinaweza kuwekewa uzito kwa sababu zile zile. Tatizo langu na hali ya sasa ni kwamba uzito huo upo lakini haujaandikwa popote. 18 za leo zimebaki kwa sababu hazijaguswa. Siku tume ikiamua kuzigusa, itafungua kifungu cha 120, itasoma "idadi ya wakaazi", na itakuwa na haki yote ya kuondoa manne. Na kama chama kimoja kimeyashika manne hayo, kinapoteza na sehemu ya viti vya wanawake juu yake: nne kwa asilimia 40 ni 1.6.

Sensa ijayo, tukifuata desturi ya miaka kumi, ni 2032. Upitiaji wowote wa mipaka kabla ya hapo utafanywa kwa takwimu za 2022, zile zile za 543,441. Tume ina njia tatu. Kuipunguza Pemba, ambako kutafufua yote ya 2005 katika hali mbaya zaidi. Kuiacha Pemba na kuongeza Unguja, kama ilivyofanya 2015 iliposema 36 na 18. Au kuacha kila kitu na kutumaini kwamba Fuoni na Mwanakwerekwe hawatapiga hesabu, jambo ambalo naona ni la muda tu, kwa sababu mtu wa huko naye ana haki ya kuuliza kwa nini kura yake ni nyepesi kuliko ya Chonga.

Ningekuwa na la kusema mbele ya tume, ningechagua ya pili, na ningeomba sababu ziandikwe: kiasi gani kimeongezwa kwa ajili ya bahari, kiasi gani kwa ajili ya visiwa vidogo, kiasi gani kwa ajili ya kisiwa kizima. Ningeomba pia viti vya wanawake vifunguliwe kutoka kwenye kamba ya majimbo, viwe na namba yao wenyewe katika Katiba na vigawiwe kwa kura kama vya Dodoma, na viti viwili au vitatu viandikwe kwa ajili ya watu wenye ulemavu, wanaume kwa wanawake. Hayo ya mwisho si kazi ya tume. Ni ya Baraza lenyewe kwa theluthi mbili, na wajumbe wa kuyapitisha ni hao hao waliofika kwa ramani ya sasa.

Kuhusu nafasi iliyobaki, dari ni 55. Hata majimbo matano yote yakiongezwa Mjini Magharibi na Pemba isiguswe, Pemba itakuwa na 18 katika 55, asilimia 32.7, bado juu ya 28.8 ya watu wake. Viti maalumu vitakuwa 22 tena, kama 2016.